Kati ya Stoo na Sahani: Mjadala wa Jikoni Beltsville

Hoja iliyo mezani: Chakula kilichoandaliwa kabla ya oda kihesabiwe kila siku kama mali ya mkahawa, sawa na mchele ulio kwenye gunia.

Mkahawa wa vyakula vya kwetu hushika mali ya aina tatu. Mwanzoni kuna mali ya stoo: mchele, vitunguu, mafuta, unga, nyama iliyogandishwa. Mwishoni kuna sahani iliyofika mezani na kulipiwa. Hizo mbili kila mtu anajua kuzihesabu, maana moja ina risiti ya kununulia na nyingine ina risiti ya kuuzia. Katikati iko mali isiyo na risiti yoyote: rojo la biriani lililopikwa Ijumaa, nyama ya mbuzi iliyolala kwenye viungo, maharage yaliyochemshwa yakingoja kuungwa, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, madonge ya chapati, sukuma iliyokatwa. Stoo imeshaitoa, mauzo hayajaipokea. Hapo ndipo fedha, jasho na wakati mwingine afya ya mlaji hupotea bila mtu kuona.

Mjadala huu nimeuweka Beltsville, na sababu ninayo. Beltsville imo katika Kaunti ya Prince George's, Maryland, kaskazini-mashariki ya Washington, kando ya Baltimore Avenue. Hapa ndipo Mkenya Kevin Onyona alipouza nyama choma, ugali na sukuma katika mkahawa wa Swahili Village, kabla jina hilo halijafika katikati ya Washington na Newark. Hapa pia kipo kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kilichoanza 1910, pamoja na Maktaba ya Taifa ya Kilimo iliyohamia hapa 1969. Wapikaji wa pilau na wataalamu wanaopima virutubisho vya chakula hupita barabara moja.

Sauti nne zinazofuata nimezitunga. Hazina majina, na mkahawa wao si mkahawa wowote uliopo. Mpishi mkuu ni mama wa Mombasa. Mweka stoo ni kijana wa Morogoro aliyesomea uhasibu. Msaidizi wa jikoni, mwenye zamu ya asubuhi, ametoka Bukavu. Mwenye mkahawa ni mzee wa Nakuru. Mimi ni mwenyekiti.

Kilo sita za kuku

MWEKA STOO: Shikamoo, Mama. Naomba nianze na biriani ya wikiendi. Tuseme Ijumaa nimekutolea kilo 20 za kuku. Umepika rojo la sahani 60, kwa hiyo kila sahani imebeba gramu 333 hivi za kuku mbichi. Jumapili usiku tumeuza sahani 42. Daftari langu linasema kilo 20 zimetoka. Mashine ya mauzo inasema zilizolipiwa ni kilo 14. Kilo sita ziko wapi?

MPISHI MKUU: Marahaba, mwanangu. Ziko kwenye friji, rafu ya pili, ndani ya mabeseni matatu. Mbona hukufungua mlango ukatazama?

MWEKA STOO: Nilifungua, Mama. Niliona mabeseni matatu yenye rojo jekundu. Sikujua kama ni la biriani au ni mchuzi wa kuku wa kila siku. Sikujua ni la Ijumaa au la Jumamosi, wala beseni moja linatoa sahani sita au tisa. Mzee aliponiuliza, jibu pekee nililokuwa nalo ni kwamba zimepotea. Likishatamkwa hilo jikoni, watu wanaanza kutazamana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba huondoka na heshima za watu wasio na kosa.

MWENYE MKAHAWA: Na Jumatatu asubuhi niliagiza kuku wengine, kwa sababu karatasi ilisema hatuna. Sahani 18 zilikuwa zinaningoja kwenye friji yangu mwenyewe, nami nikatoa fedha kununua nyingine 18. Sikuibiwa hata paja moja, lakini hasara niliipata.

MPISHI MKUU: Hilo nalikubali. Sasa na nyinyi mkubali langu. Chakula kikishaingia sufuriani hakihesabiki tena kwa kilo. Nipe gunia la vitunguu la ratili 50. Nikimenya, nikakata, nikakaanga hadi vikauke, ninachokupa ni mabakuli machache. Utaandika nini? Kwamba Mama kala gunia?

MWEKA STOO: Kitunguu kibichi karibu sehemu tisa katika kumi ni maji, Mama. Maji hayo yamekwenda na mvuke, na hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo maana siwezi kuhesabu vitunguu vya kukaanga kwa kipimo cha gunia. Nahitaji kujua jambo moja tu: gunia likipita mikononi mwako, linatoa mabakuli mangapi. Wizara ya Kilimo ya nchi hii ililiona jambo hilo zamani. Mwaka 1956 ilichapisha kitabu cha mwongozo, namba 102, kikarekebishwa 1975. Kinaonyesha chakula kinavyobadilika uzito kikiwa kimenunuliwa, kikisafishwa na kikipikwa. Mwaka 2012 wakatoa jedwali la nyama na kuku peke yake, linaloonyesha kiasi kinachobaki baada ya moto.

MPISHI MKUU: Hicho kitabu kina vitunguu vya biriani?

MWEKA STOO: Hakina. Kina chakula chao. Chetu tutakipima wenyewe. Siku tatu za kazi tupime kinachoingia na kinachotoka, tuchukue wastani, tuandike. Baada ya hapo sitakusumbua kwa mizani. Nitakuuliza tu: mabakuli mangapi?

MPISHI MKUU: Bibi yangu alipima mchele kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Hakuna aliyemwambia kwamba anapunjwa. Kama kipimo chako ni bakuli langu na upawa wangu, tunaweza kuzungumza. Ukiniletea kipimo cha ofisini, sitakisoma.

Mwenyekiti anaingilia hapa kutia mkazo. Hesabu nyingi za jikoni hufa kwa sababu zimeandikwa kwa lugha ya mhasibu. Mpishi anayepakua kwa upawa, akiwa na oda kumi mbele yake, hawezi kuandika gramu. Upawa ukishapimwa mara moja, ikajulikana kwamba pawa mbili ni sahani moja, kazi ya kugeuza upawa kuwa kilo ni ya mweka stoo na mashine yake. Kila mmoja abaki na kipimo anachokimudu.

Kinachogawanyika na kisichogawanyika

MWENYE MKAHAWA: Kama hesabu itawezekana, basi tuandae kila kitu kabla. Jumamosi mchana watu wamejaa, wengine wamekuja kutazama mpira, na mteja anangoja pilau dakika arobaini. Kwa nini tusiwe na kila kitu tayari?

MPISHI MKUU: Kwa sababu chakula si matofali, Mzee. Biriani inagawanyika. Rojo hupikwa peke yake, wali hupikwa peke yake, vinakutana kwenye sahani. Rojo likilala usiku mmoja, viungo vinazidi kushikana. Pilau haigawanyiki. Mchele wake unakunywa supu ya nyama ndani ya sufuria moja, ukiivunja katikati umeharibu vyote viwili. Ninaloweza kuandaa mapema ni supu, nyama iliyochemka, vitunguu na mchanganyiko wa bizari nzima, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga. Pilau yenyewe inaanza siku inapoliwa.

MWENYE MKAHAWA: Na ugali?

MPISHI MKUU: Ugali unasongwa kwa oda. Kachumbari ikikatwa asubuhi, saa nane inaogelea kwenye maji yake, nyanya zimelegea na kitunguu kimekuwa kikali. Sukuma ya hapa tunatumia kolad, jani gumu kuliko la nyumbani, hilo naweza kulikata jana likakaa salama. Kulipika kabla, hapana, litakuwa jeusi. Donge la chapati linataka kupumzika, basi acha lipumzike. Chapati iliyopikwa jana ukimpa mtu wa Mombasa, harudi.

MSAIDIZI: Mama, niseme la sombe. Majani ya muhogo hayana njia ya mkato. Yana sumu ya asili, lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Mtu aliyeketi mezani hawezi kungoja muda huo. Sombe tunapika nyingi, tunagawa kwenye vyombo vidogo, tunagandisha. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Kuna chakula ambacho kuandaliwa kabla ndiyo sheria yake.

MPISHI MKUU: Umesema kweli, mwanangu. Kwa hiyo neno langu ni hili: orodha ya vitu vya kuandaa kabla aiandike mpishi. Mweka stoo ahesabu kilichomo kwenye orodha. Asiniongezee kitu kwa sababu kinapendeza kwenye karatasi.

Saa sita za sufuria

MSAIDIZI: Mimi ndiye ninayefungua friji alfajiri, nami naogopa kitu kimoja kuliko hesabu yenu. Naogopa sufuria kubwa ya maharage iliyoingizwa usiku ikiwa ya moto. Naikuta asubuhi juu baridi, katikati vuguvugu. Nyumbani wengi tulizoea kuacha chungu kifunikwe mezani hadi kesho. Chungu cha watu sita hupoa. Sufuria ya watu themanini haipoi.

MWEKA STOO: Na sheria iko wazi. Mwongozo wa chakula wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, uliotolewa mara ya kwanza 1993 na ambao majimbo huutumia kutunga kanuni zao, unataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 za sentigredi hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Jumla ni saa sita. Saa mbili za kwanza ndizo kali, kwa sababu joto hilo la kati ndilo vijidudu vinalolipenda zaidi.

MPISHI MKUU: Lakini nimeyachemsha saa tatu. Kuna kijidudu gani kinachobaki?

MSAIDIZI: Zinabaki mbegu zake, Mama. Kipo kinachoitwa Clostridium perfringens, kinapenda michuzi ya nyama na maharage katika vyombo vikubwa. Kipo kingine, Bacillus cereus, kinapenda wali. Mbegu zao zinastahimili kuchemka. Chakula kikikaa vuguvugu zinaamka na kuzaana. Na sumu ya kutapisha ya huyo wa wali haiondoki hata ukiupasha wali upya. Tunachoweza ni kuwahi: kumimina maharage kwenye trei pana, kina cha vidole vichache tu, au kuweka sufuria ndani ya maji ya barafu na kukoroga.

MWEKA STOO: Hapo ndipo usalama na hesabu vinapokutana. Trei hiyo itabandikwa lebo. Lebo itakuwa na jina la chakula, tarehe ya kupikwa na idadi ya sahani. Mkaguzi wa afya wa kaunti ataitazama tarehe. Mimi nitatazama idadi. Mama atatazama jina. Kalamu moja na kipande cha mkanda vinatuhudumia wote.

MSAIDIZI: Na siku zihesabiwe vizuri. Mwongozo unaruhusu siku saba kwa chakula kilichokaa kwenye nyuzi 5 au chini yake, na siku ya kupika ndiyo ya kwanza. Rojo la Ijumaa mwisho wake ni Alhamisi. Ukimimina rojo la Ijumaa ndani ya rojo jipya la Jumanne, sufuria nzima inabeba tarehe ya Ijumaa. Ukiligandisha siku ya tatu, ukaliyeyusha baada ya mwezi, limebakiwa na siku nne. Friza inasimamisha saa, hairudishi nyuma.

MWENYE MKAHAWA: Lakini Maryland hupanga majiko kwa daraja za hatari. Jiko linalopika siku moja kabla, likapoza na kupasha tena, huwekwa daraja la juu. Kila tunachoandaa mapema kinatuongezea macho ya mkaguzi. Huoni kwamba ni afadhali kupika yote siku hiyo hiyo?

MPISHI MKUU: Biriani ya harusi ya watu mia tatu uipike saa ngapi, Mzee? Macho ya mkaguzi hayanitishi. Kinachonitisha ni mtoto wa mtu kuugua kwa chakula kilichotoka mkononi mwangu. Lebo naikubali. Nitaiandika mwenyewe.

Kiasi gani kinatosha

MWENYE MKAHAWA: Tumekubaliana kuhesabu na kuandika tarehe. Bado hamjaniambia nipike kiasi gani. Watu wa hapa hawatabiriki. Kukinyesha theluji, mtaa umekufa. Serikali ya shirikisho ilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, siku 43, mkahawa wowote wa eneo la Washington uliotegemea chakula cha mchana cha wafanyakazi wa serikali ulijua hali hiyo ina maana gani. Kisha inakuja Sikukuu ya Jamhuri ya Wakenya tarehe 12 Desemba, au Idi, watu wanasimama mlangoni.

MWEKA STOO: Hatuwezi kuitabiri theluji, Mzee, lakini Jumatatu ya kawaida tunaijua. Chukua mauzo ya Jumatatu chache zilizopita. Kama biriani huuza sahani 8 Jumatatu na 10 Jumanne, ninachohitaji kwa siku hizo mbili ni sahani 18. Kabla ya kuagiza kuku, ninafungua friji. Zipo 18 za Ijumaa, na mwisho wake ni Alhamisi. Basi Jumatatu hatupiki rojo kabisa. Tunauza lililopo, linaisha Jumanne usiku likiwa bado halijafika siku yake ya saba. Jumanne Mama anapika la Jumatano na Alhamisi. Kazi hiyo ni ya kutoa tu: unachohitaji, toa ulicho nacho.

MWENYE MKAHAWA: Na akiba ya dharura?

MWEKA STOO: Sahani chache, zile ambazo zisipouzwa leo zitauzwa kesho. Ikitangazwa theluji au sikukuu, mtu mmoja aliyepewa madaraka abadilishe namba asubuhi na kuandika sababu. Mwaka ujao sababu hizo zitatufundisha.

Mwenyekiti anaomba kuongeza kisa cha Beltsville yenyewe. Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha hapa walianza kumzalisha bata mzinga mdogo mweupe, aliyeitwa Beltsville Small White. Familia za mjini zilitaka ndege anayeingia kwenye oveni na friji ndogo, anayelika bila kubaki wiki nzima. Walifaulu, na ndege huyo akasambaa Marekani. Baadaye akaachwa, na sababu moja ni kwamba hoteli na mikahawa ilipendelea ndege mkubwa anayetoa minofu mingi zaidi. Nyumba na mkahawa havikuweza kuafikiana juu ya ukubwa wa ndege mmoja. Mpishi wetu aliyejifunza katika nyumba ya watu kumi, akahamia jiko la watu mia mbili, anakutana na tatizo hilo hilo: mkono wake una ukubwa wa nyumbani, na friji ina ukubwa wa mkahawa. Kiasi cha kupika kitokane na friji na mauzo ya mahali alipo sasa.

Jasho lisiloandikwa

MSAIDIZI: Mmeandika kuku, mmeandika vitunguu. Sijasikia mtu akiniandika mimi. Chapati mia zinachukua watu wawili saa tatu: kukanda, kukata, kukunja, kusukuma, kukaanga. Tangu Januari 2024 mshahara wa chini Maryland ni dola 15 kwa saa. Hizo ni dola 90 kabla hamjanunua unga. Ishirini zikitupwa usiku, dola 18 za mikono yetu zimekwenda jalalani. Daftari la stoo litasema tumetupa unga kidogo.

MWEKA STOO: Hoja hiyo ni nzito kuliko zangu zote. Unga kwenye gunia na unga ulio ndani ya donge bei yake haifanani. Kadiri chakula kinavyosogea karibu na sahani ndivyo kinavyobeba mikono mingi zaidi, na ndivyo kukitupa kunavyogharimu zaidi. Kwa hiyo bei ya kila chakula cha maandalizi iandikwe pamoja na saa za kazi.

MPISHI MKUU: Sasa na mimi niseme lililo moyoni, maana tumelizunguka muda mrefu. Mnataka niandike pishi langu: kiasi cha viungo, saa, moto, linatoa sahani ngapi. Nikishaandika, Mzee akafungua tawi jingine, mnanihitaji kwa nini? Nilichokuja nacho nchi hii ni hicho tu.

MWENYE MKAHAWA: Mama, sitakudanganya. Mkahawa wa jiko moja unaweza kuishi kwa kumbukumbu ya mpishi mmoja. Ukiwa na majiko mawili, mlaji anataka biriani ile ile, na bila maandishi siwezi kumpa.

MWEKA STOO: Na sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi orodha tupu ya viungo na vipimo. Ulinzi wa Mama hautatoka huko. Utatoka kwenye mkataba kati yake na Mzee.

MPISHI MKUU: Basi uandikwe. Viungo vyangu vya biriani na pilau nitavisaga na kuvichanganya mwenyewe, vihesabiwe kama kitu kimoja: mfuko wa Mama, uzito fulani, tarehe fulani. Mfuko mmoja kwa kilo fulani za nyama. Hayo mengine yote nitayaandika. Na siku pishi langu litakapokwenda tawi jingine, malipo yangu yaende nalo.

MWENYE MKAHAWA: Nimekubali, na nitaweka sahihi.

MSAIDIZI: Jambo la mwisho. Usiku kinachobaki kinakwenda wapi? Sisi tunachukua kidogo nyumbani, na tunachukua kwa woga kana kwamba tunaiba.

MWENYE MKAHAWA: Kuanzia sasa kiandikwe: chakula cha wafanyakazi, sahani tano. Kikishaandikwa si wizi. Na kile ambacho tarehe yake bado lakini hatutakiuza, kipelekwe kwa wanaolisha wahitaji. Sheria ya shirikisho ya 1996 inamlinda anayetoa chakula kizima kwa nia njema. Maganda na mabaki yaende kutengenezwa mbolea. Kaunti hii ina kiwanda kikubwa cha mbolea kule Upper Marlboro.

Uamuzi wa mwenyekiti

Hoja imepita, kwa masharti ambayo waliotaka kuipinga ndio walioyaleta, na kwa sababu hiyo imepita ikiwa bora kuliko ilivyoletwa.

Sharti la kwanza: mpishi ndiye anayeamua kipi kinaweza kuandaliwa kabla, na kipimo kiwe cha chombo anachokitumia. Sharti la pili: lebo moja ibebe jina, tarehe na idadi, ibandikwe kabla mlango wa friji haujafungwa. Sharti la tatu: thamani ya chakula cha maandalizi ihesabu mikono iliyokiandaa, na pishi la mtu lisichukuliwe bila mkataba.

Wizara ya Kilimo hukadiria kwamba asilimia 30 hadi 40 ya chakula cha Marekani hakiliwi. Tarakimu hiyo ni kubwa mno kwa mkahawa mmoja kuibeba moyoni, lakini mabeseni matatu kwenye rafu ya pili mtu anaweza kuyabeba. Anayetaka kuanza asianze na vitu mia. Aanze na vitano: rojo la biriani, mbuzi wa viungo, maharage, vitunguu vya kukaanga na chapati. Avihesabu kila usiku kwa mwezi mmoja, mtu yule yule, saa ile ile, kabla ya kuandika oda ya kesho.

Wapo watakaosema hesabu inaua mapishi ya kwetu, yaliyopikwa kwa jicho na kuonjwa kwa kiganja. Jicho na kiganja vina kazi yao, na katika mjadala huu vimepewa mamlaka ya kwanza. Lakini katika jiko la watu mia mbili, kumbukumbu ya mpishi mmoja ikibebeshwa mzigo wote, anachoka, anakosea na kulaumiwa kwa kilo sita ambazo hakuzigusa. Daftari linamwondolea lawama hiyo. Linamwambia mwenye mkahawa anunue nini, linamwambia msaidizi kwamba saa zake tatu zimeonekana, na mlaji analetewa chakula ambacho umri wake unajulikana. Mapishi ya pwani na ya bara yamevuka bahari na kupata meza Beltsville kwa jasho la watu. Jasho hilo linastahili kuandikwa.